Raketi Ndiyo Iliyolipa Ada

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la ratiba. Unawezaje? Unapata wapi muda wa kusoma, na wa kupiga mipira unaupata wapi? Anayeuliza huwa ameshajitengenezea jibu kichwani: kuamka alfajiri, kadi za kukariria, nidhamu. Namjibu anavyotaka, maana ni kweli naamka saa kumi na moja na kadi ninazo, zimejaa hadi kwenye mfuko wa begi la raketi. Lakini saa zinapangika. Ukikosa usingizi leo utalala keshokutwa ndani ya basi. Kilichonikaba miaka hii mitano ni kingine.

Nina miaka 24. Nasoma shahada ya uzamili ya anatomia na fisiolojia katika chuo kimoja kusini mwa Marekani, na naichezea timu ya tenisi ya chuo hicho, huu ukiwa mwaka wangu wa mwisho unaoruhusiwa na kanuni. Nataka kuwa daktari. Nimetaka tangu nikiwa mtoto, na hamu hiyo haikuanzia hospitalini. Ilianzia pembeni mwa uwanja wa tenisi.

Baba yangu ni mtu wa klabu, lakini si mwanachama. Wazee wa klabuni humwita maka, neno ambalo msomaji wa rika langu huenda hajawahi kulisikia. Maka ni mwajiriwa anayepiga mipira na mwanachama aliyekosa mwenzake wa kucheza naye. Anafundisha watoto wa wanachama, anafunga nyuzi za raketi, anachora mistari ya uwanja kila asubuhi. Baba aliingia pale akiwa muokota mipira wa miaka tisa, akajifunza kwa kutazama, na hadi leo sijaona mtu anayejua kushindwa kwa ustadi kama yeye. Anaweza kumwachia meneja wa benki seti ya 7-5 bila meneja kugundua kitu, kisha wakashikana mikono wote wawili wameridhika.

Mimi na kaka yangu tulikulia hapo. Tukitoka shule tunaokota mipira hadi jua lishuke, na wanachama wakiondoka tunacheza kwa raketi walizozichoka. Madaktari walikuwa wengi kati ya wanachama hao. Jumamosi asubuhi walicheza wawili wawili, na mara kwa mara simu ililia kwenye benchi. Mmoja wao aliisikiliza, akaweka raketi chini, akaondoka katikati ya gemu. Mwanachama mwingine akifanya hivyo atasemwa wiki nzima. Daktari hakusemwa. Baba aliitwa kuziba pengo na mchezo ukaendelea. Nikiwa na miaka kumi nilidhani udaktari ndiyo huo: kuwa mtu anayeweza kuuacha mchezo njiani na watu wakamwelewa.

Kaka alikuwa mchezaji bora kuliko mimi. Sijifanyi mnyenyekevu, kuanzia nilipokuwa na miaka kumi na miwili hadi naondoka nyumbani sikuwahi kumfunga seti hata moja. Tulisafiri pamoja kwa basi kwenda Nairobi kwenye mashindano ya vijana, kutwa nzima barabarani, tukivuka Namanga na begi moja la raketi kwa watu wawili. Makocha wa vyuo vya Marekani waliotuandikia waliziona video zetu sisi wote. Lakini mwisho wa yote mimi niko huku na yeye yuko Dar es Salaam, na sababu yake ni sheria iliyopitishwa mwaka 1972 na watu ambao hawakuwa na habari nasi.

Sheria hiyo inaitwa Title IX. Inakataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu ya Marekani, na michezo ya vyuo imo ndani yake. Chuo chenye timu ya futiboli ya Kimarekani kina wanaume lukuki wanaolipiwa kwa ajili ya timu hiyo moja, kwa hiyo lazima mizani itafutwe upande wa wanawake. Nilipokuwa naondoka nyumbani, hesabu ya tenisi ya daraja la juu ilikuwa hivi: timu ya wanawake iliruhusiwa wachezaji wanane, kila mmoja na ufadhili kamili. Timu ya wanaume iliruhusiwa ufadhili wa watu wanne na nusu, unaokatwa vipande na kugawiwa timu nzima. Kanuni hizo zimebadilika mwaka jana. Sisi ni watoto wa zile za zamani.

Kaka alipewa robo. Robo tatu zilizobaki zilikuwa fedha ambazo baba angezipata kwa kupiga mipira na wanachama hadi wajukuu wao wazeeke. Mimi nilipewa vyote: ada, chumba, chakula, vitabu. Siku zile kaka alichukua raketi yake nzuri, ile moja aliyoipenda, akaifunga nyuzi mpya, akaiweka kwenye begi langu bila kusema neno. Hadi leo hatujalizungumza jambo hili sawasawa. Tunazungumzia nyuzi, tunazungumzia mkazo wa nyuzi, tunazungumzia Simba na Yanga.

Kisha Julai 2021 matokeo ya kidato cha sita yakatoka. Mchepuo wangu ulikuwa PCB na nilipata daraja la kwanza, na hapo mlango wa pili ukafunguka wakati wa kwanza bado uko wazi. Hapa nieleze kidogo, kwa sababu hata wasomi wenzangu huwa wanachanganya. Kwetu udaktari unauingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Unasoma miaka mitano, unafanya mmoja wa mafunzo kazini, basi, unatibu watu. Ada ikikushinda ipo Bodi ya Mikopo. Marekani hakuna njia hiyo. Huko unaanza na shahada ya kwanza ya miaka minne ya somo lolote, ukihakikisha ndani yake mna baiolojia, fizikia na kemia za kutosha. Unafanya mtihani uitwao MCAT. Ndipo unaomba kuingia chuo cha udaktari, miaka minne mingine, na ukitoka hapo unaanza mafunzo ya ubobezi ya miaka mitatu hadi saba. Hayo ni kwa mwenyeji. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, vyuo vingi vya udaktari havimpokei kabisa, na baadhi ya vile vinavyompokea humtaka aonyeshe kwamba ada ya miaka yote minne imeshawekwa benki.

Mama alizielewa hesabu hizi haraka kuliko mimi. “Udaktari upo hapa hapa, daladala moja tu,” alisema. “Sasa wewe unazungukia Marekani kuutafuta nini?” Baba alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu aliniita nje, akaniita mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. “Mama,” akasema, “vitabu vinasubiri. Magoti hayasubiri.”

Watu hudhani nilichagua elimu ya Marekani. Nilichagua tenisi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa napiga mpira vizuri kuliko nilivyowahi kupiga, na nilitaka kujua ningefika wapi. Nimeshasikia wanamichezo wakisema eti mchezo ulikuwa ngazi tu ya kupandia elimu. Labda kwao. Kwangu vilikuwa vitu viwili nilivyovitaka kwa nguvu ileile, na kimoja kilikuwa na umri mfupi kuliko kingine.

Miezi miwili baada ya kufika, kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikaumia. Anayepiga bekhandi kwa mikono miwili, mkono usio wa kuandikia ndio unaofanya kazi kubwa ya kuusukuma mpira, na wengi huumia upande wa kidole kidogo. Huko kuna kano inayopita kwenye mfereji mdogo wa mfupa uitwao ulna, imefungwa na ala nyembamba isichomoke. Ala yangu ilichanika. Kila nilipogeuza kiganja, kano iliruka nje ya mfereji kwa mlio ambao wenzangu waliusikia kutoka kiti cha pili. Nikafanyiwa upasuaji, nikafungwa plasta ngumu, nikakaa msimu mzima bila kucheza. Kanuni zinakupa misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mwaka ule uliopotea ndio ulionipa huu wa uzamili ninaoucheza sasa.

Saa zenyewe zina sheria yake, na inafurahisha kuisoma. Katika msimu, mazoezi na mechi zisizidi saa 20 kwa wiki wala saa nne kwa siku, na lazima kuwe na siku moja ya mapumziko. Inasikika kama huruma. Lakini siku ya mechi, hata ikimaliza mchana mzima, huhesabiwa saa tatu, na safari haihesabiwi. Kwa hiyo saa saba za basi kwenda kucheza jimbo la jirani, katika vitabu, hazipo. Mimi nimesoma karibu biokemia yote ndani ya saa hizo zisizokuwepo.

Palipokuwa pagumu ni maabara. Kemia ya kaboni, ambayo kila anayetaka udaktari lazima aipite, ilikuwa na maabara moja tu kwa wiki, saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Mazoezi ya timu: saa nane hadi saa kumi na moja. Mshauri wa masomo wa wanamichezo, mtu mwema na mwenye haraka, alinigeuzia kompyuta yake nione orodha ya fani ambazo madarasa yake yote yanaisha kabla ya saa sita. “Wachezaji wetu wengi wanaipenda hii,” aliniambia. Nilimwambia nataka ile ya maabara. Akaniambia tena. Tuliendelea hivyo mihula miwili. Kocha ndiye aliyelimaliza, kwa kuniruhusu nipige mipira peke yangu na msaidizi wake saa kumi na mbili asubuhi kila Jumanne, na hakuna mtu aliyeandika popote kwamba hilo linawezekana. Najiuliza ni wangapi walioiangalia ile orodha wakakubali, kwa sababu kocha wao hakuwa na msaidizi anayeamka mapema.

Nikimsimulia baba haya kwenye simu ya video hunijibu kwa neno moja: Socrates. Si yule wa Wagiriki. Ni nahodha wa Brazil wa Kombe la Dunia la 1982, mrefu, mwenye ndevu, ambaye alikuwa daktari kweli. Alisoma udaktari akichezea Botafogo ya mji wake wa Ribeirão Preto, akamaliza kwanza, ndipo mwaka 1978 akahamia Corinthians. Baba anampenda kuliko wachezaji wote walioishi, pamoja na sigara zake. Wazungu wa hapa wao hunitajia Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari wa Uingereza aliyekuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, tarehe 6 Mei 1954. Asubuhi ya siku ile alikuwa hospitalini London, kisha akapanda treni kwenda Oxford. Ni hadithi nzuri. Lakini Bannister alifanya mazoezi kwa muda wa chakula cha mchana, na mwisho wa mwaka uleule aliacha mbio akaenda kuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Wote wawili walikuwa nyumbani kwao. Hakuna aliyehitaji kushinda mbio ili abaki darasani.

Mimi nikiacha kucheza, ada imekwisha. Kwa hiyo swali la kusawazisha michezo na masomo halijawahi kuwa na pande mbili kwangu. Upande mmoja ndio uliokuwa unaulipia mwingine.

Februari 2025 tulikuwa njiani kwenda kwenye mechi ya ugenini nilipopokea ujumbe wa kaka. Baba amelazwa. Nilijua ana kisukari. Amekuwa nacho tangu nikiwa kidato cha pili, na alikuwa anakisimamia kama anavyosimamia uwanja wake, kwa kufagia juu. Kisukari kinapokaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni mwa miguu. Ganzi hupanda taratibu kama soksi inayovutwa. Jiwe dogo liliingia kwenye kiatu cha baba, akafundisha watoto jioni nzima amelikanyaga, na hakulisikia. Alipovua soksi usiku aliona damu na akashangaa ni ya nani. Kidonda kilikaa wiki tatu kabla hajamwambia mtu.

Yaliyofuata nimeyapata vipandevipande, kwa sauti za WhatsApp. Katika wodi ile walikuja wanafunzi wa mwaka wa nne wakiwa na mwalimu wao, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu tuliyekaa dawati moja miaka miwili ya PCB. Hakumjua baba kwa sura. Alisoma jina kwenye faili. “Shikamoo mzee,” alimwambia, “mimi nilisoma na binti yako.” Baba akamwitikia marahaba mwanangu, kisha akaanza kumweleza msimamo wangu katika ligi.

Rafiki yangu alitoa uzi mwembamba wa nailoni wenye mshikio, kipimo cha kuangalia kama mguu bado una hisia. Unaugusisha kwenye unyayo hadi ujipinde, na mgonjwa akiwa amefumba macho anasema kama amesikia. Baba alifumbua macho kabla ya wakati. “Huu si uzi wa raketi huu?” Hakuwa mbali, nyuzi nyingi za raketi ni nailoni. Wakacheka. Wakaanza upya. Katika sehemu kumi za unyayo wa kulia, alisikia mbili.

Usiku ule aliniandikia. Nilimuuliza maswali yote niliyoyajua. Nilijua jinsi sukari inavyojishikiza kwenye protini, ningeweza kuchora. Nilijua vimeng'enya kwa majina. Nikamwomba picha ya kidonda, nikaitazama muda mrefu ndani ya basi lenye giza, wenzangu wamelala, na sikuweza kusema kama baba yangu atabaki na mguu au hatabaki. Yeye alijua. “Nimeshika mapigo ya juu ya unyayo, yapo,” aliandika. “Damu inafika. Wakikata, watakata vidole. Lala, kesho una mechi.”

Walikata vidole viwili. Mimi nilicheza. Katika tenisi ya vyuo pointi ya kwanza hupatikana kwenye michezo ya wawili wawili, kisha wanashuka wachezaji sita mmoja mmoja, na timu ya kwanza kufikisha pointi nne inashinda. Mimi hupangwa nafasi ya nne. Nilishinda 6-4, 6-3, na kocha akanikumbatia, na sikumwambia kitu hadi tulipofika nyumbani. Nauli ya ndege sikuwa nayo, na hata kama ningekuwa nayo, ningefika kufanya nini? Kazi iliyohitajika pale ilikuwa ya mtu aliyeanza mwaka 2021.

Hilo ndilo lililonikaba. Wenzangu tuliopanga foleni moja ya chakula shuleni sasa wako mwaka wa tano. Kundi letu la kidato cha sita limejaa picha za makoti meupe, na utani ambao siuelewi tena kwa sababu ni wa wodini. Hakuna aliyeniacha kwa kunizidi akili, na hakuna aliyenionea. Walipanda daladala, nami nikapanda ndege. Nikihesabu kwa kalenda ya Marekani, nikikubaliwa mwaka huu nitakuwa daktari kamili nikiwa na miaka 31 kwa uchache. Baba atakuwa na 66. Hesabu hii naifanya mara nyingi kuliko ya mkazo wa nyuzi.

Na bado sitaki kusema kwamba miaka ile ilipotea, maana mwili wangu unakataa. Oktoba iliyopita, katika maabara ya anatomia, nilipewa mkono wa kushoto wa mzee mmoja aliyeutoa mwili wake kwa ajili ya masomo. Kazi ilikuwa kufuata kano za nyuma ya kifundo, moja baada ya nyingine, kwa kibano. Nilipofika upande wa kidole kidogo sikuhitaji kitabu. Niliingiza ncha ya kibano chini ya ala, nikaiinua kidogo, na kano ikateleza kwenye mfereji wake sawasawa na ilivyopaswa kuteleza yangu. Mwalimu akaniuliza nimejuaje pa kuingilia. Nikamwonyesha kovu.

Sasa ni Machi. Mashindano ya kanda ni mwezi ujao, na MCAT ni wiki moja baadaye: saa saba na nusu ukihesabu mapumziko. Nimepata orodha ya vyuo vya hapa vinavyopokea wageni na kuwapa msaada wa fedha, na ni fupi, inaenea upande mmoja wa kadi. Kwenye kadi ya pili nimeandika taratibu za kurudi nyumbani na kuomba nafasi ya mwaka wa kwanza kwa matokeo yangu yaleyale ya kidato cha sita. Nitaomba kote. Baba amerudi uwanjani. Anakaa kwenye kiti cha plastiki na viatu maalumu miguuni, anawarushia watoto mipira kutoka kwenye kikapu, na kaka ndiye anayekimbia. Kabla hajavaa viatu anavikung'uta. Mama husimama pembeni kuhakikisha.

Juzi nilimweleza rafiki yangu wa dawati kuhusu ile kadi ya pili. Alinitumia sauti ya dakika nne, nusu yake ni kicheko. Nikirudi, alisema, mimi nitakuwa mwaka wa kwanza na yeye yuko mafunzo kazini, kwa hiyo tukikutana kwenye korido itabidi nimpe shikamoo, tena mbele ya wagonjwa. Nimeshaanza. Kila asubuhi kabla ya mazoezi namtumia moja, na kila asubuhi, akiwa wodini, ananiandikia marahaba.